Debe: Habari za Bati Lililotupwa Likawa Mali

Ndugu wanachama, katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za maghala, mikopo na masoko. Sisi tumeona yafaa tuandike habari za chombo kimoja duni, nacho ni debe. Huenda mtu akauliza debe lina historia gani hata liandikwe kitabuni. Twajibu kwamba lina historia ndefu, na ndani yake mna mambo mawili yatuhusuyo sana wana ushirika: ustadi wa mikono ya watu wasio na mtaji, na haki ya kipimo.

Debe halikutengenezwa ili liwe ndoo wala kipimo. Lilikuja likiwa gamba la bidhaa nyingine. Mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa huko Pennsylvania, nchi ya Marekani, na haukupita muda mrefu mafuta ya taa yakaanza kusafirishwa kwa merikebu pande nyingi za dunia. Yalitiwa katika makopo ya bati yenye pembe nne, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Kila kopo lilichukua galani 5 za Kimarekani, ambazo zakaribia galani 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei. Katika nchi zetu kopo hilo likaitwa debe, jina lenye asili ya Kihindi kama yalivyo majina mengi ya dukani. Mafuta yaliwaka yakaisha, bali debe lilibaki.

Tusidhani kwamba watu wa Afrika Mashariki peke yao ndio walioona thamani ya kopo tupu. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, alipitisha meli iitwayo Murex katika Mfereji wa Suez, imebeba mafuta ya taa kutoka nchi ya Urusi. Mafuta hayo yalimiminwa katika matangi ya meli, hayakutiwa makoponi, ili gharama ipungue. Yalitarajiwa kuuzwa upesi huko Mashariki, kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Lakini wanunuzi walisita. Walikuwa wamezoea kupata mafuta pamoja na kopo, na kopo lile la Kimarekani, lenye rangi ya buluu, walikuwa wakiligeuza kuwa paa la nyumba, chujio la chai na vyombo vingine vingi. Ikambidi Samuel apeleke mabati na kutengenezesha makopo mekundu huko huko. Hivyo tajiri wa London alifunzwa na watu maskini kwamba kile alichokihesabu kuwa takataka kilikuwa sehemu ya bei.

Kwetu sisi kazi za debe zilikuwa nyingi. Likiwa zima, lilipigiliwa kipande cha mti mdomoni kuwa mkono, likawa ndoo ya maji. Likikatwa ubavu, likawa karai. Likitobolewa matundu kwa msumari, likawa chujio au kopo la kumwagilia bustani. Yaliyokwisha kuchakaa yalipasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa juu ya nyumba. Katika Pumwani ya Nairobi na katika mitaa ya Dar es Salaam ya zamani, familia nyingi zililala chini ya paa za madebe yaliyonyooshwa, ambayo yalikuwa rahisi kuliko bati jipya na yakizuia moto kuliko makuti.

Katika vyombo vyote vilivyozaliwa na bati kuukuu, koroboi ndiyo iliyoingia nyumba nyingi zaidi. Utengenezaji wake ni wa kusifiwa kwa wepesi wake. Fundi huchukua kopo dogo, aghalabu la maziwa, akalifanya tumbo la taa. Hukata kipande chembamba cha bati, akakiviringisha juu ya msumari hata kikawa mrija wa kupitishia utambi. Hutoboa kifuniko, akausimamisha mrija hapo na kuulehemu. Upande mmoja hutia mkono wa bati ili mshikaji asiungue. Utambi ni uzi wa pamba au kitambaa kilichochakaa. Vyombo vya kazi havizidi mkasi wa bati, nyundo, pasi ya kulehemia, jiko la mkaa, na kipande cha reli kiwe fuawe. Kwa mali hiyo kidogo mtu aliweza kuilisha nyumba yake.

Hatusemi kwamba koroboi ilikuwa taa njema. Moshi wake uliumiza macho na vifua, na ikianguka iliweza kuteketeza nyumba. Ni jambo la kushukuru kwamba umeme na taa za nguvu ya jua zimeiondoa katika nyumba nyingi. Hata hivyo wapo wazee wetu waliojifunza kusoma kwa mwanga wake. Tena, katika miaka ya shida iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilipoadimika madukani Tanzania, watu walivaa katambuga zilizokatwa katika mipira ya magari, wakapikia na kuwashia vyombo vya mafundi wa mitaani. Mafundi hao hawakungoja shehena kutoka ng'ambo. Shehena yao ilikuwa jaani.

Sasa tuligeukie jambo la pili. Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba 4 vilifanya pishi 1. Madebe yalipoenea, watu waliona kwamba yote yatoka kiwandani yakiwa na ukubwa mmoja, nayo yapatikana kila mahali. Basi debe likawa kipimo cha mahindi, mpunga na maharage, na debe la mahindi likahesabiwa kuwa kama kilo 18. Kipimo hicho hakikuletwa na serikali. Wananchi walijiundia wenyewe kutokana na kopo lililotupwa.

Lakini bati ni laini. Nyundo ile ile iliyomtengenezea mama koroboi iliweza kulitanua debe matumbo likachukua zaidi ya haki yake. Mchuuzi asiye mwaminifu alinunua kwa debe lililotanuliwa, akalijaza hata likafanya mlima, kisha akauza kwa debe lililobonyezwa. Mkulima aliona kwa macho yake, ila alikuwa peke yake, na ada ya shule ilikuwa yamngoja.

Dhuluma ya vipimo ni miongoni mwa sababu zilizowakusanya wakulima wa nchi yetu. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaanzisha chama chao kikuu. Huko Usukuma wakulima wa pamba, walioinung'unikia mizani ya wanunuzi, walijiwekea wapimaji wao wenyewe kabla ya kuungana katika vyama vilivyozaa Shirikisho la Victoria mwaka 1955. Baadaye, Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 ilitia nguvu matumizi ya mizani iliyokaguliwa. Sheria ni ngao, lakini ngao haijishiki yenyewe. Mkulima asiye na wenzake hana mkono wa kuishika.

Basi, ikiwa sisi wakulima tuliokolewa na umoja, je, fundi wa bati ameokolewa na nani? Yeye angali hununua vyuma vikuukuu peke yake kwa bei ya mwenye ghala, na kuuza peke yake kwa bei ya mlanguzi. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi la Kimataifa kuhusu Kenya ilieleza kwamba kazi za namna hii, ambazo Wakenya huziita jua kali, zina tija na zastahili kusaidiwa, wala si za kufukuzwa. Tanzania nayo iliunda SIDO mwaka 1973 ili kuvihudumia viwanda vidogo. Hayo ni mema, lakini hayatoshi iwapo fundi hana chama cha kununua malighafi kwa jumla na kumtetea sokoni.

Siku hizi madebe ya bati yamepungua. Madumu ya plastiki yaliyoleta mafuta ya kupikia ndiyo yatekayo maji, na mikono ile ile yayakata kuwa vipakulio na vitalu vya miche. Kazi haijafa, imebadili gamba. Kwa hiyo twatoa rai kwamba katika miaka 10 ijayo Chama Kikuu chetu kiwafungulie mlango mafundi hawa wajiunge nasi, kwani majembe yetu wao ndio watiao mipini, na majiko yetu wao ndio wayazibao.

Wahenga walisema: debe tupu haliachi kuvuma. Nasi twaongeza kwamba debe tupu, likiangukia mikono yenye ustadi na watu wenye kipimo cha haki, laweza kujaza nyumba. Idumu haki ya mizani. Udumu ushirika.