Kuamka Bila Titi: Jinsi Wanawake wa Marekani Walivyodai Kuulizwa

Wengi wetu tunaoishi Maryland na kandokando ya Washington tumeshapita mara nyingi Wisconsin Avenue kule Bethesda, tukauona ule mnara wa hospitali ya jeshi la majini, ambayo tangu mwaka 2011 inaitwa kwa jina la Walter Reed. Humo ndimo alimopasuliwa Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, tarehe 28 Septemba 1974, wiki saba tu baada ya mumewe kuapishwa. Alitiwa nusukaputi bila kujua kama ataamka na matiti mawili au moja. Akaamka na moja.

Hilo halikuwa ajabu. Ndivyo walivyotendewa wanawake wengi mno wa nchi hii zama zile, awe mke wa Rais au mfagia ofisi. Mwanamke aliyegundua uvimbe kwenye titi alipewa fomu moja tu ya kutia sahihi. Fomu hiyo ilimruhusu daktari kukata kipande kidogo cha kupima, na papo hapo ilimruhusu kuliondoa titi zima ikibidi. Mgonjwa akilala, uvimbe ulitolewa, ukagandishwa kwa baridi, ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, huku yeye akisubiri mezani kifua wazi. Baada ya dakika chache jibu lilirudi. Likiwa baya, kazi iliendelea bila kumwamsha. Wapo waliosimulia kwamba kitu cha kwanza walichofanya walipozinduka ni kupeleka mkono kifuani, kupapasa, kutafuta.

Na kilichoondolewa hakikuwa titi peke yake. Mwaka 1894 daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, hapo Baltimore, alichapisha taarifa ya wagonjwa 50 aliowatibu kwa kukata titi, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani. Aliamini saratani husambaa polepole kama mizizi, hivyo anayechimba kwa upana zaidi ndiye atakayeing'oa yote. Kwa wakati wake alikuwa na sababu, maana wanawake walikuwa wakifika na vidonda vilivyokwisha kupasuka. Lakini upasuaji wake ukageuka kuwa kama amri ya dini, ukatawala karibu miaka 80. Mwanamke aliyepona alibaki na mbavu zinazohesabika na mkono uliovimba, na aliambiwa ashukuru.

Madaktari wachache walithubutu kuuliza. Geoffrey Keynes wa London, ndugu yake yule mwanauchumi maarufu, alitumia radiamu pamoja na upasuaji mdogo tangu miaka ya 1920. George Crile wa Cleveland aliacha njia ya Halsted miaka ya 1950, na wenzake wakamwona msaliti. Ila mimi naona mlango ulisukumwa hasa na wagonjwa wenyewe. Mwandishi Babette Rosmond alikataa kutia sahihi fomu ile mwaka 1971, akaenda kwa Crile kutolewa uvimbe tu, kisha akaandika kitabu kuhusu haki ya kuchagua. Mwaka uliofuata Shirley Temple, yule aliyekuwa nyota wa sinema utotoni, alisisitiza apimwe kwanza, aamke, halafu aamue mwenyewe. Akautangazia umma ugonjwa wake akiwa bado kitandani. Wakati huo neno titi lilikuwa halitamkwi ovyo magazetini, achilia mbali saratani. (Tusiwacheke. Sisi wenyewe hadi leo tunasema "ule ugonjwa".)

Aliyewasumbua zaidi wakubwa alikuwa Rose Kushner, mwandishi wa habari wa hapa Maryland. Alipopata uvimbe mwezi Juni 1974, alipiga simu kwa daktari mmoja baada ya mwingine akitafuta atakayekubali kupima tu, asikate. Wengi walimkatalia. Miezi mitatu baadaye, aliposikia mke wa Rais anaingia hospitali, alipiga simu Ikulu usiku, akiomba wamweleze mama yule kwamba halazimiki kufanyiwa yote kwa mkupuo mmoja. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba Rais ameshaamua.

Hebu tulitafakari jibu hilo. Titi ni la mke, uamuzi ni wa mume. Sisi tuliolelewa kwetu hatuna haja ya kutafsiriwa maana yake. Hata hivyo tusimnyime Bibi Ford sifa yake. Kwa kukubali habari zitangazwe, aliwafanya maelfu ya wanawake wakapimwe, akiwemo Happy Rockefeller, mke wa makamu wa rais mteule, ambaye alikutwa na saratani wiki chache tu baadaye.

Kushner alitoa kitabu chake mwaka 1975. Mwezi Juni 1979 taasisi ya taifa ya afya, NIH, ambayo imetazamana na hospitali ileile ng'ambo ya barabara, iliitisha kikao cha wataalamu, naye akiwemo katika jopo. Wakaamua kwamba kupima na kukata vitenganishwe, na kwamba njia ya Halsted isiwe tena tiba ya kawaida. Ushahidi mzito ulitoka kwa Bernard Fisher wa Pittsburgh. Mwaka 1985 utafiti wake ulionyesha kwamba wanawake walioondolewa uvimbe tu na kupewa mionzi waliishi muda sawa na waliokatwa titi zima. Kushner aliona matokeo hayo, lakini saratani yake ilikuwa imerudi. Alifariki Januari 1990.

Kuna mwingine ambaye naye alikuwa mtoto wa wahamiaji. Audre Lorde, mshairi mweusi wa New York, wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Alikatwa titi mwaka 1978. Mama mmoja wa kujitolea alimletea hospitalini kifuko cha sufu cha kujaza sidiria, cha rangi ya waridi iliyopauka. Mwili mweusi, titi jeupe! Siku chache baadaye alikwenda kliniki bila kukivaa, muuguzi akamwambia kwamba anavunja watu moyo. Lorde aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1980, akihoji kwa nini mwanamke aliyenusurika atakiwe kujificha ili wengine wastarehe. Alifariki mwaka 1992. Swali la rangi halikufa naye, kwani hata sasa wanawake weusi wa Marekani huugua saratani ya titi kwa kiwango cha chini kidogo kuliko weupe, lakini hufa kwayo kwa takriban asilimia 40 zaidi.

Basi haki ya kuulizwa ipo, na asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kudai mkalimani wa bure hospitalini badala ya kumtumia mtoto wake wa miaka 12. Ila haki hiyo haisafiri yenyewe hadi nyumbani. Kuondoa uvimbe tu kunahitaji mionzi baadaye, na kwa miaka mingi Tanzania nzima ilikuwa na mahali pamoja pa kuipata, Ocean Road, Dar es Salaam, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza. Wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne, wengine kwa sababu walisikia kwamba ukienda watakukata. Na anayewahi, akaambiwa achague, anapiga hesabu zake: nauli ya kutoka Songea, wiki kadhaa za mionzi kila siku, atafikia kwa nani, watoto atamwachia nani. Akishamaliza hesabu hiyo, anamwambia daktari alitoe lote.