Joto la Mtu Gizani

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, na kazi yake ilikuwa ya usiku. Usiku mmoja, kabla hatujafika Mtito Andei, basi lilikuja mbele yetu na taa kali. Mjomba akashusha zake. Ndipo tukamgonga mtu mwenye koti jeusi. Nilikuwa nimekaa kando yake, macho wazi, na sikuona chochote. Nyumbani wangali wanaulizana kama mjomba alikuwa amesinzia.

Niliacha chuo mwaka wa pili (msiniulize), lakini kipindi kimoja cha fizikia kilinibaki kichwani. Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel alipasua mwanga wa jua kwa prizimu, akapima joto la rangi moja moja. Kipimajoto alichoweka nje ya nyekundu, mahali jicho halioni kitu, kumbe ndicho kilichopanda zaidi. Miale ya jamii hiyo hutoka kwenye mwili wako pia, usiku kucha, uwe na koti jeusi ama jeupe.

Wanajeshi waliifaidi kwanza. Gari la raia lilingoja karibu miaka 200, mpaka Cadillac DeVille ya mwaka 2000 ilipotoka na kamera ya joto kwenye grili, kazi ya Raytheon, kampuni ya silaha. Picha ilirushwa kwenye kioo cha mbele, chini kidogo ya macho ya dereva: barabara nyeusi, mtu mweupe. Taa za gari linalokuja haziisumbui kamera hiyo, kwa sababu inasoma joto, si mwanga. Lakini ilikuwa ya kulipia zaidi, tena kwenye gari la matajiri. Wanunuzi wakapungua, na baada ya 2004 Cadillac ikaachana nayo. BMW ikaleta yake mwaka 2005, hiyo nayo kwa wenye pesa. Hilo ndilo hunikera: anayekufa ni wa miguu, na anayeuziwa macho ni mwenye gari la kifahari.

Juzi nilimwonyesha mjomba video ya kamera hizo kwenye simu. Aliitazama mara tatu.

"Huyo mtu anaonekana akiwa umbali gani?"

"BMW walisema mpaka mita 300."

Akanyamaza, midomo ikihesabu. Taa zake zilizoshushwa zilikuwa zikifika hamsini hivi. Akairudisha video mwanzo.