Filamu ya Pumzi: dunia isiyo na maji, na somo lake kwa uwanda wa Makonde

Pumzi ni filamu fupi ya Kenya iliyotoka mwaka 2009. Imeandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, na haifiki nusu saa. Ni filamu ya kubuni ya kisayansi, yaani hadithi inayochukua jambo tunalolijua leo na kulisogeza mbele miaka mingi ili tuone litatufikisha wapi. Filamu nyingi za aina hii huja na vyombo vya angani na viumbe wa ajabu. Hii inahusu maji ya kunywa.

Tumeichagua kwa sababu hiyo. Msikilizaji wa Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa maana ya kupima maji kwa kikombe. Hapa tunaeleza kisa chake, namna picha zake zilivyotengenezwa, na mahali ambapo hadithi hiyo inakutana na maisha yetu.

Kisa chenyewe

Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vilivyopiganwa kwa sababu ya maji. Juu ya ardhi hakuna mti wala jani. Watu waliobaki Afrika Mashariki wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, katika jumuiya iitwayo Maitu. Kwa Kikuyu, neno hilo linamaanisha mama.

Kila mtu ana mgawo mdogo wa maji. Mkojo unasafishwa na kunywewa tena. Jasho linakamuliwa na kurudishwa chupani. Umeme unatokana na nguvu za watu wenyewe, wanaofanya kazi kwenye mashine za mazoezi. Hata ndoto zinadhibitiwa: anayeota anaamriwa kumeza dawa ya kuzuia ndoto.

Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, anatunza jumba la makumbusho lenye mabaki ya mimea ya zamani. Siku moja anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la aliyekituma. Anaupima na kukuta una unyevu mwingi na hauna sumu ya mionzi. Anapanda humo mbegu ya zamani, nayo inachipua.

Asha anaomba kibali cha kutoka nje ili autafute mahali udongo huo ulikotoka. Baraza linamkatalia. Jibu lao ni kwamba nje kumekufa. Walinzi wanaharibu makumbusho yake na yeye anapelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Kwa msaada wa mfanya usafi ambaye Asha aliwahi kumgawia maji, anatoroka na mche wake na kuingia jangwani. Mwishoni anaupanda, anaumwagia maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake mwenyewe. Kamera inapanda juu, na pale alipolala mti unakua.

Mazungumzo ni machache, tena ni ya Kiingereza, lakini hata asiyejua lugha hiyo anaweza kufuata kisa kwa kutazama picha.

Picha zilitengenezwaje?

Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Kahiu amewahi kueleza kwamba katika maandalizi alitazama filamu za miaka ya 1950 na kuchunguza mbinu mbili za zamani.

Ya kwanza ni mandhari ya kuchora. Msanii anachora mji au jangwa, kisha mchoro huo unaunganishwa na picha ya mwigizaji aliyepigwa mahali pengine. Mtazamaji anaona mtu amesimama mbele ya jengo kubwa ambalo halikujengwa kamwe. Ya pili ni kurusha picha nyuma ya mwigizaji: anasimama mbele ya pazia, na taa iliyo upande wa pili inarusha mandhari juu ya pazia hilo. Siku hizi kazi hiyo ya kuunganisha picha hufanywa na kompyuta, lakini wazo ni lile lile.

Tazama pia rangi. Ndani ya jumuiya kila kitu ni kijivu na cheupe. Nje ni mchanga mtupu. Kwa hiyo kijani cha mche mmoja kinavuta jicho kila kinapoonekana. Huo ni ufundi usiohitaji fedha nyingi, na vijana wanaorekodi video kwa simu wanaweza kuujaribu.

Ujumbe wa mazingira

Mwaka huo huo wa 2009 Kahiu alitoa pia filamu ya maisha halisi kuhusu Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement mwaka 1977 na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kina mama wa vijijini waliofanya kazi na shirika hilo walipanda zaidi ya miti milioni 30. Wangari alifundisha kwamba ukikata msitu unagusa mto, ukigusa mto unagusa chakula, na watu wakikosa chakula na maji amani haikai. Pumzi inaonyesha mnyororo huo baada ya kukatika.

Jambo la pili ni habari. Baraza linasema nje kumekufa, na watu wanaamini kwa kuwa hawana njia ya kuhakikisha. Asha anaanza kwa kuupima udongo mwenyewe, ndipo anauliza swali.

Uwanda wetu unaingiaje hapa?

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Mvua tunapata, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Lakini udongo wetu ni wa kichanga. Maji yanazama chini sana, na juu ya uwanda hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Yanayozama hutokeza pembezoni, kwenye miguu ya uwanda, kama chemchemi za Ndanda zinavyoonyesha. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala na kutazama chini kuelekea bonde la Ruvuma, utaelewa kwa nini bibi zetu waliteremka na vyombo vitupu alfajiri na kupanda na mzigo kichwani jua likiwa kali.

Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wamejenga mbali na maji. Sababu mojawapo ilikuwa usalama: vichaka vya juu vilikuwa kinga dhidi ya wavamizi. Wazee wetu walichagua kiu badala ya kutekwa.

Leo mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka visima vya Mitema, upande wa Kitangari, hadi juu. Masasi na Nachingwea wanategemea chanzo cha Mbwinji. Nyumba nyingi za uwandani zina kisima cha saruji cha kuvunia maji ya bati. Hata hivyo pampu ikisimama wakati wa kiangazi, msimu wa korosho, mtu anaweza kuwa na fedha mfukoni na ndoo tupu mlangoni.

Mahali filamu inapoishia

Katika Pumzi, mtu mmoja anatoa uhai wake kwa mti mmoja. Kwa sinema ni mwisho mzuri. Kwetu haitoshi, wala hatutaki mama yeyote afe kwa ajili ya mche. Mvua inayozama juu ya uwanda ndiyo inayolisha chemchemi za chini. Mteremko ukifyekwa na kuchomwa moto, maji yanashuka kwa kasi na kubeba udongo badala ya kuzama. Anayeumia anaweza kuwa mtu wa bondeni ambaye hajawahi kumwona aliyewasha moto huo. Kwa hiyo kutunza chanzo ni kazi ya vijiji vya juu na vya chini kwa pamoja.

Ukiweza kuitazama filamu hii pamoja na vijana, waulizeni wazee maswali matatu: zamani maji yalichotwa wapi, chemchemi zipi zimekauka, na pembeni yake palikuwa na miti gani. Kisha nendeni mkaangalie palivyo sasa. Majibu yafikisheni kwenye mkutano wa kijiji na kwa kamati yenu ya maji, maana huko ndiko sheria ndogo za kulinda vyanzo zinakoanzia.