Kupunguza Pia ni Kazi

Wadau, sisi wa Turbo tunajua Eldoret iliitwa Sisibo, yaani 64, namba ya shamba ulikoanzia mji mwaka 1910. Namba moja tu ilikutosha kufika.

Sasa cheki Btrfs, mfumo wa faili ulioanzishwa na Chris Mason akiwa Oracle mwaka 2007, ukaingia Linux 2009. Baadhi ya fanksheni zake zilipewa vitu viwili, na kimoja kilishakuwa ndani ya kingine. Wakakiondoa.

Wengine watasema hiyo si kazi. Mimi nakataa. Vitu hivyo viwili vikipishana, hesabu ya nafasi kwenye diski yaweza kuharibika, na faili za mtu ziko hatarini. Kijana, usidharau mstari uliofutwa.