Wanawake wa Ukraine katika Nyumba za Italia

Ukraine ilipojipatia uhuru mwaka 1991, viwanda vilivyotegemea dola ya Kisovieti vilikosa wanunuzi, na ilipofika mwaka 1993 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 10,000, hata akiba ya umri mzima wa mtu ikawa si kitu, na walimu na wauguzi wakakaa miezi bila ya kuuona mshahara. Ndipo wanawake wa magharibi ya nchi, khususan wa Ternopil, Ivano-Frankivsk na Chernivtsi, aghalabu watu wazima wenye elimu zao, walipokopa nauli, wakachukua viza za utalii na kupanda mabasi kwenda Italia, watoto wakibaki kwa bibi zao.

Italia ilikuwa imejaa wazee, ilhali mabinti waliokuwa wakiwauguza wazazi wao wamekwisha kushika kazi za nje. Na maadam serikali humpa mzee asiyejiweza posho ya fedha taslimu kuliko kumletea muuguzi, jamaa zake walitafuta mtu wa kuishi naye kwa ujira mdogo. Hivyo mwanamke aliyekuwa mwalimu kwao alimwogesha mgonjwa, akamlisha, akakesha naye, akipata faragha yake Alhamisi alasiri na Jumapili tu. Na kwa kuwa viza yake imekwisha muda, hata akifiwa na mama yake hakuthubutu kwenda kuzika, kwa kuchelea kutorudi tena.

Sheria ya mwaka 2002 iliwapa hati wahamiaji zaidi ya 600,000, na kati yao Waukraine walikuwa kama 100,000, wengi wao wanawake. Kila Jumapili, katika uwanja wa magari wa Garbatella mjini Roma, walipakia katika mabasi madogo vifurushi vya kahawa, mafuta ya zeituni na nguo za watoto, pamoja na fedha zilizosomesha watoto na kujenga nyumba ambazo wenyewe hawakulala ndani yake. Kwao walilaumiwa kwamba wametupa watoto, na hukumu hiyo mimi siikubali hata kidogo, kwani waliokuwa wakilaumu hawakuwa wakiwalisha watoto hao. Huzuni waliyorudi nayo ilikuwa nzito kiasi cha madaktari wa akili wa Ukraine kuiita maradhi ya Italia.

Urusi ilipoivamia Ukraine kwa vita tarehe 24 Februari 2022, na wanaume wa miaka 18 hadi 60 wakazuiwa kutoka nchini, Umoja wa Ulaya uliitumia kwa mara ya kwanza, tarehe 4 Machi, sheria ya hifadhi iliyowekwa tangu mwaka 2001. Mabinti na wajukuu wengi waliokimbilia Italia walipokewa na mama na bibi hao hao, ambao walipata hati zao baada ya miaka ya kujificha, na ambao miaka hiyo ya kazi isiyoandikwa haihesabiwi katika malipo yao ya uzeeni.