Uganda: Filamu ya "Queen of Katwe" na hukumu ya wahakiki

Filamu ya "Queen of Katwe", iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2016, inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyekuwa akiuza mahindi kabla ya kufundishwa sataranji na mwalimu Robert Katende.

Wahakiki wengi walikiri kuwa mkondo wa hadithi hiyo ni wa kawaida katika filamu za michezo: mtoto maskini, mwalimu mwenye subira, kushindwa kunakovunja moyo, kisha ushindi. Hata hivyo, waliisifu. Walimpongeza mwongozaji Mira Nair, mwenye makazi ya miaka mingi Kampala, kwa kutoficha umaskini wa Katwe na kutowafanya wakazi wake kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Lupita Nyong'o wa Kenya, aliyeigiza mama mjane, alisifiwa kwa kuonyesha hofu ya mzazi anayeona mwanawe akipewa matumaini ambayo huenda yasitimie.

Sifa hizo hazikujaza majumba ya sinema. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 15 za Marekani, lakini mapato yake ya sinema duniani yalikuwa takriban milioni 10 tu.

Pamoja na hasara hiyo, wahakiki walitambua jambo lililo adimu katika filamu za Hollywood kuhusu Afrika: msichana wa Katwe anainuliwa na watu wa kwao, si na mwokozi kutoka ng'ambo.