Kijiti cha uzazi wa mpango: piga hesabu ya kukitoa kabla hujakiweka

Karibu kila wiki kuna mama ananifuata baada ya kliniki ya watoto, mtoto mgongoni, na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, kijiti ni shilingi ngapi?" Kwa hapa Tanzania jibu ni fupi. Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za serikali, huduma za uzazi wa mpango ni bure, kijiti kikiwemo. Lakini siku ya kukiweka ni sehemu ndogo ya hesabu. Kuna nauli, kuna pedi, na kuna siku ya kukitoa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kijiti chenyewe

Wengine hukiita njiti au kipandikizi. Ni kipande laini cha plastiki, kinakaribia ukubwa wa njiti ya kiberiti, na huwekwa chini ya ngozi sehemu ya juu ya mkono, upande wa ndani. Unachomwa ganzi kwanza. Implanon NXT ni kijiti kimoja cha miaka 3. Jadelle ni viwili, vya miaka 5. Vyote hutoa homoni kidogo kidogo, ambayo huzuia yai kupevuka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite. Ukiwekewa ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi unakuwa salama mara moja. Ukiwekewa siku nyingine, tumieni kondomu kwa siku 7.

Katika wanawake 100 wanaotumia kijiti kwa mwaka, hapati mimba hata mmoja, au ni nadra sana apatikane. Ila hakizuii VVU wala magonjwa mengine ya ngono.

Anayenyonyesha anaweza kuwekewa, hata kabla hajatoka wodini baada ya kujifungua. Maziwa hayakauki.

Fedha na bima

Chukua mfano wa mama ambaye nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 4,000. Akitumia sindano ya miezi mitatu, kwa miaka 3 atakwenda kituoni mara 12, yaani shilingi 48,000 za nauli tu, mbali na siku za biashara anazopoteza. Kwa kijiti cha miaka 3 ana safari mbili za lazima, ya kuweka na ya kutoa: shilingi 8,000. Hata akirudi mara mbili zaidi kwa maudhi, bado ameokoa.

Kuhusu bima, kituo cha serikali hakikudai kadi kwa huduma hii, uwe na NHIF, CHF iliyoboreshwa au huna bima kabisa. Ukitakiwa kulipa, uliza ni kwa ajili ya nini na uombe risiti. Usiporidhika, mwone mganga mfawidhi. Kwenye kituo binafsi mambo ni tofauti. Usiulize tu, "Mnapokea bima?" Uliza dirishani maswali matatu, na upate jibu kwa kila moja: je, kadi yangu inalipia kijiti chenyewe? Inalipia kazi ya kukiweka? Na siku nikitaka kukitoa, inalipia? Kadi inaweza kulipia kumwona daktari ikaishia hapo, na wewe ukagundua ukiwa tayari kitandani. Kama ni bima ya kazini, kumbuka pia kwamba kijiti kinaweza kudumu kuliko ajira.

Mwili unavyopokea

Maudhi yanayowarudisha wengi kliniki ni hedhi kubadilika. Kuna anayetokwa na matone siku nyingi, kuna anayepata damu ya muda mrefu, kuna ambaye hedhi inakata kabisa. Hedhi ikikata, damu haijazibwa mahali fulani tumboni. Ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba tu, hakuna cha kutoka. Matone mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyokwenda, lakini si kwa kila mtu, na sipendi muuguzi anayemwambia mama "zoea tu". Rudi. Kuna dawa tunazoweza kukupa kupunguza damu, na zikishindwa, kijiti kinatoka. Miezi ya mwanzo weka akiba ya pedi za ziada, hiyo nayo ni gharama.

Wengine hupata kichwa kuuma, chunusi, matiti kujaa, hasira za karibu au kuongezeka uzito.

Je, kijiti husafiri hadi moyoni? Wanaoniuliza hili ni wengi kuliko wanaouliza bei. Kwa kawaida hukaa pale pale, na unapaswa kukigusa kwa kidole. Usipokipata, njoo kituoni na mtumie kondomu hadi kionekane.

Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia. Dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya VVU iitwayo efavirenz hupunguza nguvu ya kijiti. Dolutegravir haina shida hiyo. Mwenye saratani ya matiti, ugonjwa mkubwa wa ini, au damu ya ukeni isiyojulikana chanzo apimwe na kushauriwa kwanza.

Siku ya kukitoa

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na mkono umevimba. Vijiti vyake viwili vilikuwa vimepitisha muda. Aliwekewa bure siku ya huduma ya mkoba kijijini, akashukuru. Alipotaka kuvitoa, kituo cha jirani kilimwambia mtaalamu hayupo, arudi wiki ijayo. Akarudi, jibu likawa lile lile. Kituo cha kulipia kikamtajia bei asiyoiweza. Mwisho ndugu yake akamchana kwa wembe. Kimoja kilitoka, cha pili kikakatika ndani na jeraha likatunga usaha.

Ndiyo maana nasema: kabla hujakunja mkono wa gauni, muulize mhudumu, "Nani atanitolea, wapi, na kwa shilingi ngapi?" Huduma ya mkoba ikija kijijini kwenu, uliza swali hilo hilo. Una haki ya kukitoa siku yoyote, miaka haijaisha, hata kama sababu ni kwamba hukipendi. Kazi ni ya dakika chache kwa ganzi, na kikitoka unaweza kushika mimba mwezi huo huo. Kama bado hutaki mimba, kingine kinaweza kuwekwa siku hiyo hiyo.

Tunza kadi yenye jina la kijiti na tarehe ya mwisho pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na mwambie mtu mmoja nyumbani unayemwamini.

Usisubiri tarehe ukiona usaha au kijiti kinachungulia, maumivu makali chini ya tumbo, mguu mmoja kuvimba na kuuma, macho kuwa ya njano, au kichwa kikali pamoja na kuona ukungu. Njoo siku hiyo hiyo.